Mwanangu Masalu, umeuliza nilijua nini

Mwanangu Masalu,

Marahaba. Shikamoo yako dada yako Kabula ameifikisha, pamoja na machungwa na daftari lako la insha. Huku hatujambo. Baba yako kifua kimepungua, na yule mbuzi wako mwenye doa kazaa mapacha.

Daftari nimelisoma jikoni mpaka maharage yakaungulia. Mwalimu wenu amewapa hadithi ya shujaa ambaye mama yake alimpeleka kwa mjomba akiwa mchanga ili mfalme mbaya asimwone. Akalelewa huko bila kujijua, akaja kuokota upanga, akarudi kuikomboa nchi. Wewe umeandika kwamba mama yule alimwacha kwa sababu alijua mwanawe atakuwa mtu mkubwa. Umepata kumi na saba kwa ishirini, hongera. Lakini chini kabisa, kwa penseli, umeandika kitu ambacho mwalimu hakukitia alama: "Mama yangu mimi alijua nini?"

Sikujua kitu. Mama wa shujaa huoteshwa, au hujiwa usiku na mzee akatabiriwa. Mimi nilikuwa na redio na shemeji.

Redio kwanza. Wewe ulizaliwa 2012. Mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yameshaanza huku Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2006 na 2007, yakapoa kidogo, yakarudi. Desemba 2014 mtoto wa Kwimba alichukuliwa usiku nyumbani kwao. Januari serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Februari, kule Chato, mtoto wa mwaka mmoja akaporwa, na mama yake akakatwa mapanga akimng'ang'ania. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kila mtu alisema mwaka wa uchaguzi bei ya viungo vyao kwa waganga hupanda. Bei, mwanangu. Walikuwa wakilisema kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na wewe uko mgongoni kwangu.

Shemeji sasa. Ninao kadhaa, na huyu jina lake sitaliandika, wala usimsumbue Kabula akutajie. Alikuja siku moja hana shida yoyote, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akakusifu unavyokua. Kisha akauliza mtoto siku hizi analala chumba gani. Nikamwambia kwangu. Akauliza tena: kitandani, upande wa ukutani au wa mlangoni?

Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa ubaya au kwa kunionea huruma, kwamba nikulaze ukutani uwe salama. Usiku ule nilikutandikia uvunguni, nikakaa kitandani na panga la baba yako, na kulipokucha nikaona kwamba nyumba ambayo naanza kupima maswali ya ndugu siwezi kukulea humo. Hapo ndipo hadithi yenu inapopungua. Adui wao ni mfalme, ana jeshi na ngome, kila mtu anamjua. Kwa watoto kama wewe, kesi zilipofika mahakamani, mara nyingine waliosimama kizimbani walikuwa baba, mjomba, jirani wa kuombana moto.

Wapo waliopeleka watoto vituoni. Buhangija pale Shinyanga, Mitindo kule Misungwi, vilipokea wengi na kuokoa roho zao, sitavisema vibaya. Lakini mimi nilitaka utumwe chumvi dukani. Nilitaka ugombane na watoto wa mama mkubwa juu ya ukoko. Tena huko kwake, kisiwani Ukerewe, watu wenye ualbino ni wengi, wana chama chao, mtoto kama wewe hageuziwi shingo njiani. Na mgeni anayeshuka melini Nansio bila mwenyeji huwa ameshaonekana kabla hajauliza njia.

Tulivuka Busisi kwa kivuko cha alfajiri. Daraja hili la kilomita tatu, lililofunguliwa 2025, lilikuwa bado ndoto. Mwanza tukapanda meli ya Nansio, nimekufunika kitenge gubigubi. Katikati ya ziwa joto likakushinda, ukakitupa chini, abiria wote wakakuona. Nilikosa pumzi. Mzee mmoja aliyekaa kivulini akainuka akasema, "Mama, mlete huku, jua litamla." Basi. Hakuna aliyesema kingine mpaka tukatia nanga.

Watu hushauri umwache mtoto akiwa usingizini. Mama mkubwa alikataa. Alisema mtoto akiamka akute umetoweka, atakuwa anaulinda usingizi maisha yake yote. Kwa hiyo nilikuaga ukiwa macho, umeshika muhogo wa kuchoma, na ulilia mpaka ukatapika.

Najua utauliza mbona sikubaki nawe. Mama akitoroka na mtoto, wanatafutwa wote wawili. Mama akirudi peke yake, akashika jembe, watu hujitafutia sababu wenyewe. Unaijua ile imani kwamba watu wenye ualbino hawafi, hupotea tu kama ukungu? Ni upuuzi, na upuuzi huohuo ndio unaowafanya wengine wasiwaone kuwa binadamu. Lakini wiki ile ulitufaa. Bibi mmoja kisimani alinitazama usoni, akautazama mgongo wangu mtupu, akawaambia wenzake: "Amepotea." Sikukubali, sikukana. Nikajaza ndoo, nikajitwika. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza habari za chumba.

Waliojua ni baba yako, mimi na Kabula. Dada yako alikuwa na miaka minane. Fikiria mtoto wa miaka minane anaulizwa na wenzake mdogo wake yuko wapi, anajibu "hayupo" na kuendelea kuruka kamba. Ukisoma Kutoka sura ya pili, watu wote husimulia kisafina cha manyasi na binti Farao, wachache wanamtaja yule dada aliyesimama mbali kuangalia mtoto atapatwa na nini. Yeye ndiye aliyekwenda kumwita mama, mama akaja kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, tena kwa mshahara! Mimi mshahara sikupata, ila kipande kile huwa nakirudia.

Katika hadithi yenu mama akishamkabidhi mtoto, mwandishi amemalizana naye. Hatumwoni akipalilia. Hatumwoni akihesabu hela za pamba na kutenga ya losheni kabla ya ada, wala akimkaribisha shemeji chai na kumwongezea sukari. Na hatumwoni akisikiliza taarifa ya habari. Desemba 2015 nilisikia Abdallah Possi ameteuliwa kuwa naibu waziri, wa kwanza mwenye ualbino kuingia serikalini kwa cheo hicho. Majirani wakabishana kuhusu cheo. Mimi niliwaza jambo moja: huyu ni mtu mzima. Alikuwa mtoto, sasa ni mtu mzima, anafundisha sheria chuo kikuu na kuvaa suti. Mama wa shujaa aliahidiwa mwana mkubwa. Mimi niliomba ukue.

Uchaguzi ulipopita ndipo nikaja. Ulijificha nyuma ya mama mkubwa, ukamshika kanga, ukamuuliza: "Mama, mgeni analala wapi?" Yeye akaona haya, akataka kukusahihisha. Nikamzuia.

Na hapo nina ugomvi mwingine na hadithi hizi: walezi. Ama ni wakatili wanaomnyima mtoto chakula, ama ni wema na wanakufa mapema ili shujaa apate hasira ya kuondokea. Mama mkubwa wako amekataa kufa. Kazi yangu na hatari ilikuwa ya miezi michache, halafu nikamwachia yeye ya kila siku. Daktari wa kliniki ya ngozi alimwambia kwamba jua limewaua wenye ualbino wengi kuliko mapanga, naye akalichukulia jua kama mwizi wa kuku. Mikono mirefu hata Krismasi. Kofia ya ukingo mpana. Ile losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi akaificha kwenye pipa la unga, maana binti zake walikuwa wanajipaka kwenda kanisani. Ulipoanza darasa la kwanza na ubao huuoni, macho yanachezacheza, alikwenda shuleni akakaa mlangoni mpaka ukapewa dawati la mbele. Ukiandika insha nyingine, mpe mlezi upanga japo kwa ukurasa mmoja.

Sasa hili la kutaka kuja likizo ya Juni. Kabula ananiambia umeshanizidi kimo na unaota ndevu, na kwamba ulimwambia huogopi. Sikatai. Lakini mwaka 2024 kule Muleba mtoto wa miaka miwili na miezi kadhaa aliporwa nyumbani kwao, akakutwa ameuawa, na miongoni mwa walioshtakiwa yumo baba yake. Imepita miaka tangu nikuvushe, na bado tunasikia hayo. Yule shemeji yupo, nyumba ya tatu kutoka hapa, amezeeka, ananisalimia vizuri. Kwa wengine kijijini wewe umepotea. Siku utakayoingia hapa mchana kweupe, nataka iwe umeamua mwenyewe ukiwa na kitambulisho cha taifa mfukoni, na baba yako akiwa ameshasema na mwenyekiti wa kijiji. Siyo likizo hii. Ukinuna, nuna, lakini jibu ni hilo.

Juni nakuja mimi na Kabula, na baba yako kifua kikiruhusu. Tutapita darajani, anataka sana kuliona. Michembe ya viazi nitaleta, ingawa najua huko mnayo. Mwambie mama mkubwa hela ya miwani nimeirusha kwenye simu yake na makato nimeweka. Muende wote wawili hospitali ya Bugando, usiende na rafiki. Na ile kofia mpya nimesikia umemwazima mtu. Kaichukue.

Mimi mama yako.