Mwanangu, bakuli la kale usinunue

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Unguja. Sisi hatujambo, na goti la baba yako limepungua maumivu. Ila ujumbe wako wa jana umenikosesha usingizi. Unasema Jumamosi unakwenda Panjiayuan, lile soko la vitu vya kale la Beijing, na hutarudi nyumbani bila bakuli la kufidia lile la bibi yako. Kutembea nenda, soko lile halikosi cha kutazama. Lakini bakuli la kale usinunue.

Sheria yao iko wazi. Chombo kilichotengenezwa kabla ya 1911 hakitoki China. Cha kati ya 1911 na 1949 lazima kwanza kipelekwe kwa wakaguzi wa serikali. Wakikiruhusu, hupigwa muhuri wa lakiri nyekundu na wewe ukapewa karatasi yake. Risiti ya mchuuzi si kibali. Sasa fikiri mwenyewe: likiwa la kale kweli, forodha ya uwanja wa ndege italishika na wewe pamoja nalo. Likiwa la juzi, umeuziwa uongo kwa bei ya ukweli. Sioni njia ya tatu.

Shuka laini namba 10 ya treni ya chini ya ardhi, kituo kinaitwa jina lile lile la soko. Wachuuzi wa kutandika chini hujaa Jumamosi na Jumapili, na huanza alfajiri, wengine kwa tochi. Chukua tochi yako, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo na mzani mdogo wa kupimia dhahabu. Simu iwe na Alipay au WeChat ya kulipia.

Hili lishike sana: usipokee chombo kutoka mkononi mwa mchuuzi. Mwache akiweke juu ya kitambaa, aondoe mkono wake, ndipo ukiinue kwa mikono yako miwili. Ukimaliza, kirudishe pale pale chini. Kikianguka kati ya mkono wake na wako, hajulikani aliyekiachia, na atakayelipa ni mgeni. Begi la mgongoni livae mbele. Vingine huwekwa makusudi ukingoni mwa njia vikiwa vimeshapasuka, vinangoja kuguswa tu.

Mabakuli utayageuza, nakujua. Chini utakuta herufi sita za buluu zinazosema limetengenezwa enzi za Qianlong, mfalme wa ukoo wa Qing. Qianlong alitawala kuanzia 1735 hadi 1796, lakini herufi hizo Jingdezhen, mji wa wafinyanzi wa kauri, wanaziandika hadi leo, kwa hiyo zisikutie imani. Tazama kitako, ule ukingo wa udongo mtupu linapokalia. Lililochakaa kwa kutumika lina mikwaruzo ya kila upande, na uchafu umezama ndani ya udongo. Lililosuguliwa kwa msasa, mikwaruzo yote huelekea njia moja. Lililochovywa asidi hufifia sawasawa kote, hata kwenye kona ambazo kidole hakifiki. Halafu ligonge kwa ukucha: zima hulia kama kengele, lililoungwa kwa gundi hulia kama gae. La bibi yako lililia vizuri mpaka siku lilipotoka mlangoni, na kama ingeulizwa nyumba kwanza, huenda karo ile ingepatikana kwa njia nyingine.

Sarafu kubwa za fedha zenye kichwa cha Yuan Shikai, rais wa China wa zamani zile, zimejaa kule. Ya kweli ina uzito wa gramu 26.7 hivi na upana wa milimita 39, na haishikwi na sumaku. Nyingi zitaanguka kwenye mzani. Itakayopita, kumbuka kwamba zilianza kupigwa 1914, basi nayo inarudi kwa wakaguzi wale wale. Pembe ya ndovu usiguse, hata ushanga mmoja. China ilifunga biashara hiyo mwishoni mwa 2017, na huku kwetu unajua yatakayokukuta.

Bei akitaja yuan 800, anzia 80 bila haya. Ukitaja bei akakubali, umeshanunua, kwa hiyo usitaje bei ya kitu usichokitaka. Wanahesabu kwa mkono mmoja: gumba na kidole cha shahada vikinyooshwa ni 8, usidhani ni 2. Mnunuzi mwenzio akiwa anapatana bei, nyamaza mpaka aondoke.

Baba yako kila jioni anawasimulia watu barazani Kichina chako, na mimi kifua kinanijaa. Lakini ni Kichina hicho kinachonitia hofu, maana asiyejua lugha hasikii hadithi. Wewe utaambiwa kimetoka kwa babu, kimetoka ikulu, na utaamini, kama ulivyomwamini yule wa simu tukashindwa kukusemesha wiki nzima. Akikwambia kimechimbwa kaburini, ondoka hapo hapo.

Niletee bakuli jipya la buluu na nyeupe, linalouzwa kwa jina lake la upya, la kulia wali. Lifunge ndani ya kanga zako, katikati ya sanduku.

Dari ya ukumbini inavuja tena, fundi kaahidi Jumatatu. Shangazi yako anauliza dawa ya miguu aliyokuagiza. Rafu ya juu ya kabati nimepanga vikombe vya chai, ili isikae tupu. Jumamosi nipigie hata ukichoka, unionyeshe ulichonunua. Na kama limo bakuli mfukoni, niambie kabla hujafunga sanduku.

Ni mimi mama yako.