Malalamiko kuhusu bia ya amba yenye harufu ya siagi

Ngong Road, Nairobi
14 Machi 2024

Meneja wa Mauzo,

Kwa Bwana/Bi,

KUH: KRETI KUMI ZA BIA YA AMBA ZILIZOLETWA 8 MACHI

Mimi ndimi mwenye baa mliyoiletea kreti kumi za amba, ile bia yenu ya rangi ya kahawia-nyekundu, Ijumaa iliyopita. Nimeuza mbili tu. Mteja wangu wa siku nyingi, mzee asiyeagiza kitu kingine ila amba yenu, alipiga funda moja, akaisukuma glasi kando, akaniuliza: "Mama, hii imetiwa siagi?" Nikainusa. Kweli, siagi iliyoyeyuka, na ulimini utelezi kama wa mafuta.

Nilimpigia simu kijana wenu wa mauzo. Akanijibu kwamba amba ndivyo ilivyo, ina utamu wa karameli, tena rangi imetoka vizuri. Jibu hilo liliniuma kuliko hasara. Utamu wa amba hutoka kwenye kimea cha shayiri kilichokaangwa hadi sukari yake ikawa karameli, kisha uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, huukata ili mnywaji atamani funda la pili. Siagi haimo. Rangi inapendeza, sikatai, ni kama chai ya rangi iliyokolea ukiishika glasi dirishani. Lakini kwenye karatasi ya alama ya BJCP, chama kinachotahini waamuzi wa bia tangu 1985, muonekano wote, povu likiwemo, una alama 3 kati ya 50. Harufu ina 12, ladha 20.

Sikutaka kuwasingizia. Nilikuwa na chupa za bechi yenu ya Januari kwenye friji, kwa hiyo Jumapili niliwaita watu watatu wanaoijua bia. Kila mmoja nilimpa glasi tatu zilizofunikwa kwa visahani, mbili za bechi moja na ya tatu ya nyingine, bila kumwambia ipi ni ipi. Wote waliitambua iliyo tofauti kwa kunusa tu, kabla hata ya kuonja. Ile ya Januari ilinukia mkate uliobabuka kidogo na ganda la chungwa. Hiyo ndiyo bia niliyoilipia.

Nyinyi wapishi mnajua siagi hiyo inatoka wapi. Hamira huitoa inapochachusha, kisha huila yenyewe ikiachiwa siku chache zaidi kwenye joto kabla bia haijapoozwa. Ama mliiharakisha, ama mabomba yenu yana bakteria. Na kipimo chake ni rahisi mno: sampuli moja huwekwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 kwa nusu saa hivi, ikapoa ikanuswa pamoja na nyingine isiyopashwa. Iliyopashwa ikinuka siagi, bia haiko tayari kutiwa chupani. Naomba mniambie kwa maandishi kama kipimo hicho kilifanyika.

Nataka pia kreti kumi za bechi nyingine, au fedha zangu zote. Na kwenye chupa pigeni tarehe ya kujazwa inayosomeka. Hii ya sasa inafutika kwa kidole chenye maji.

Kreti nane ziko stoo, hazijaguswa. Lori lenu lije kuzichukua kabla ya Ijumaa, 22 Machi. Chupa tatu nitabaki nazo mimi, mpaka nipate majibu.

Wako mwaminifu,
Mwenye baa