Alama ya ≤ si < iliyopigiwa mstari

Mwalimu aliingia dukani saa nne asubuhi akiwa na karatasi moja tu mkononi, na salamu yenyewe aliitoa nusu.

"Kaka, hili swali la saba nani alilichapa?"

Nikaipokea karatasi. Swali lilimtaka mwanafunzi ataje idadi ya namba kamili zinazotosheleza 2 < x < 7. Nikahesabu kwa vidole: tatu, nne, tano, sita. Jumla nne.

"Mbona liko sawa, mwalimu?"

"Liko sawa kwako. Mimi nilitunga 2 ≤ x ≤ 7, yaani 2 na 7 zenyewe zimo, jibu ni 6. Nimeshawakosesha watoto thelathini ndipo nikashtuka. Anayeongoza darasa na anayeshika mkia wote wameandika 4. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana kwenye hisabati tangu kidato cha kwanza."

Duka letu ni steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Tunachapa, tunaprinti, tunatoa kopi, tunajaza fomu za mtandaoni. Siku ile ilibidi tukae na mwalimu kwenye benchi turudi nyuma hatua kwa hatua, maana karatasi ya kwanza tuliyomchapia bado ilikuwemo kwenye kompyuta, na pale ≤ inaonekana vizuri kabisa.

Kumbe haikuwa ≤. Kijana wetu alikuwa ameandika < ya kawaida, akaipigia mstari chini kwa Ctrl na U. Ukiiangalia kwenye skrini, hata ukiiprinti, huwezi kuitofautisha. Siku tuliyoichapa mwalimu alikuwa Ujiji, hakuweza kuja kuhakiki, akaomba tumtumie maandishi WhatsApp. Akarekebisha maneno mawili kwenye simu, akaturudishia, nasi tukayamwaga kwenye Word na kutoa kopi 120. WhatsApp inajua herufi nzito, herufi za mlalo na maneno yaliyokatwa katikati, lakini mstari wa chini haiujui. Kwa hiyo mstari ulidondoka njiani. Ulikuwa nguo tu, haukuwa mwili wa alama.

Kopi zile tulizirudia kwa karatasi yetu na wino wetu. Kosa lilikuwa la kwetu, na tangu siku hiyo kupigia < mstari ni marufuku dukani.

Naandika haya kwa sababu kazi nyingi tunazoletewa na walimu na wanachuo zinakuja na alama za namna hiyo, na nyingine ni za hatari zaidi. Kuna anayetengeneza ≠ kwa kuandika = kisha kuikata katikati kama neno lililofutwa. Mkato ukidondoka, sentensi iliyosema "x si sawa na 0" inasema "x ni sawa na 0". Hapo huna kosa dogo, una kinyume chake.

Halafu kuna ile ya paundi. Mitihani ya zamani iliyokaa kwenye flashi miaka na miaka, ukiifungua leo unakuta "x £ 5". Mteja mmoja alidhani ni hesabu ya kubadilisha fedha za Uingereza. Zamani wachapaji walitumia fonti iitwayo Symbol, ambayo ilikuwa inavalisha herufi za kawaida sura za alama. Kompyuta ilihifadhi £, fonti ikaichora kama ≤. Siku mtu akichagua maandishi yote na kuyageuza kuwa Times New Roman, paundi inajitokeza hadharani. Na ≥ nayo inageuka kuwa kitatu kidogo cha juu, ³, kana kwamba namba imepandishwa kipeo cha tatu. Ukiona £ na ³ zimetapakaa kwenye karatasi ya hisabati, usihangaike kuzitafutia maana.

Tabia hii ya kuunganisha vipande siilaumu sana. Taipureta ya mzee wangu haikuwa na < wala >. Alikuwa akiacha nafasi kwenye stensili, kisha anajazia kwa mkono, na akisahau nafasi moja darasa zima linapata swali lenye pengo. Alama zenyewe ni za zamani kuliko mashine zote hizi. Ile ya = aliileta Robert Recorde, mtu wa Wales, kwenye kitabu cha mwaka 1557; alichagua mistari miwili sambamba kwa kuwa aliona hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo. Zile za < na > zilitoka kwenye kitabu cha Thomas Harriot kilichochapwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya yeye kufariki. Mstari wa chini ulikuja na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734, naye aliweka miwili, ≦.

Kompyuta haihifadhi mchoro wa herufi, inahifadhi namba yake. Kwenye jedwali la Yunikodi, ambalo simu na kompyuta za leo zinalifuata, < ni 003C. Alama ya ≤ ni kitu kingine kabisa, ina namba yake, 2264. Ya ≥ ni 2265, ≠ ni 2260, na ile ya takriban, ≈, ni 2248. Ukiandika alama yenye namba yake mwenyewe, itasafiri WhatsApp, itaingia kwenye barua pepe, itabadilishiwa fonti, na itafika ilivyo.

Kwenye Word njia tunayoifundisha ni hii: andika 2264, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Namba inageuka kuwa ≤ hapo hapo. Ila acha nafasi kabla ya kuanza kuandika hiyo namba. Ukiwa umeandika 5 halafu ukaunganisha 2264, Word inasoma 52264 na kukupa kiboksi kitupu. Hata herufi a mpaka f inazihesabu kama sehemu ya namba, kwa hiyo a iliyogandana na 2264 nayo itakusumbua. Acha nafasi, geuza, kisha rudi uifute nafasi kama hutaki.

Uzuri wa Alt na X ni kwamba inakwenda na kurudi. Weka kishale mara tu baada ya alama unayoitilia shaka, upande wake wa kulia, bonyeza tena. Ikigeuka 2264, ni halali. Ikikuletea namba inayoishia na 3C, umeshika < iliyovalishwa mstari. Ndivyo tunavyokagua kila karatasi ya hisabati sasa kabla ya kuprinti, na inachukua dakika mbili.

Wengine mmesoma mahali kwamba ushikilie Alt na kuandika 243 kwa vitufe vya namba vya pembeni upate ≤, na 242 upate ≥. Ni kweli, lakini si kwenye kila mashine. Hapa dukani kompyuta moja inatoa ≤, ya jirani yake kwa namba ile ile inatoa ¾. Namba hizo zinafuata majedwali ya kale: mashine iliyopangwa kwa Marekani inatumia moja, iliyopangwa kwa Uingereza inatumia jingine. Na laptopu nyingi ndogo hata hivyo vitufe vya pembeni hazina. Mimi hiyo njia nimeiacha.

Kwa mwenye kuchapa milinganyo mirefu, yenye sehemu na vipeo, bonyeza Alt na = ndani ya Word. Kinafunguka kisanduku cha hisabati; humo ukiandika <= na kuacha nafasi inakuwa ≤ yenyewe. Mwenye Mac hana shida: Option na mkato (,) ni ≤, Option na nukta (.) ni ≥, Option na = ni ≠.

Simu sasa. Simu nyingi za Android zina kibodi ya Gboard. Bonyeza ?123, kisha =\<, utaona < upande wa kushoto chini na > upande wa kulia. Usiiguse na kuachia; ishikilie kidole mpaka vijitokeze vingine juu yake, humo imo ≤, na kwenye > imo ≥. Ukishikilia = utapata ≠ na ≈. iPhone ukishikilia = inakupa hizo mbili, lakini ≤ hutaiona kirahisi; nakili moja kutoka popote, uihifadhi kwenye mipangilio ya kibodi kama kifupisho, ili kila ukiandika herufi ulizochagua iingie yenyewe. Mwenye kitochi atuandikie kwa maneno tu. Tunaelewa.

Na maneno nayo yana mitego yake. Nusu ya makosa tunayorekebisha hayatoki kwenye kibodi, yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. "Chini ya miaka 35" ni <, aliyetimiza 35 hayumo. "Usiozidi miaka 35" ni ≤, aliyetimiza 35 yumo. "Zaidi ya" ni >. "Isiyopungua", "angalau" na "kuanzia" zote ni ≥. Tulichapa katiba ya kikundi cha kina mama wauza dagaa, wanachama 30. Rasimu iliandikwa akidi ni "zaidi ya nusu", maana yake 16. Kumbe kwa mazoea yao wakifika 15 kikao kinaanza. Nikamuuliza katibu, "Mama, mkiwa kumi na tano mnaanza?" Akanishangaa: "Tunaanza, kwani tusubiri nini?" Basi ikabidi iandikwe "isiyopungua nusu". Ningechapa ilivyokuja, siku ya ugomvi maamuzi yao yote ya nyuma yangepingwa kwa upungufu wa mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo kwenye mabango ya watu wote tunashauri maneno, si alama. Muuguzi alileta bango la presha lenye "≥ 140/90". Tukamshauri aandike "140/90 au zaidi". Mgonjwa aliyekaa foleni asianze kufumbua fumbo.

Excel inageuza mambo yote niliyosema juu chini. Kule ≥ yenye namba yake haifai; fomula inataka vipande viwili, > kisha =, kwa mpangilio huo. Ukiigeuza ukaandika => inagoma. Na ukiandika ≥75 ndani ya COUNTIF, fomula ya kuhesabu seli zinazotimiza sharti, haigombi hata kidogo, inakujibu sifuri tu, kwa sababu inatafuta seli iliyoandikwa maneno hayo hayo. Mwalimu anabaki na darasa lisilo na A hata moja.

Madaraja ya kidato cha nne ndiyo yanayotuletea kazi hii: A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Fomula tunayoweka ni

=IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F"))))

Tuliwahi kuletewa faili ambalo kote lilikuwa na > bila =. Darasa la wanafunzi 45 lilionekana salama, isipokuwa binti mmoja aliyepata 75 kamili akapewa B, na mwenzake wa 30 kamili akapewa F. Faili lilikuwa limetumika mihula miwili. Ukitaka kujaribu la kwako, weka 75 kwenye mstari mtupu uone linakwambia nini. Usijaribu kwa 80, halitakuonyesha kitu.

Ukituletea kazi, tupe karatasi ya mkono au picha yake iliyopigwa wima, mwanga wa kutosha, kidole kisifunike pembeni. Kama umeshachapa mwenyewe, itume WhatsApp kama faili, usiyanakili maandishi na kuyabandika kwenye ujumbe. Ukiwa umemaliza kabisa na unataka kuprinti tu, tuma PDF. Ukurasa wa maandishi ya kawaida ni shilingi 1,000, wa hisabati shilingi 1,500, na nyongeza hiyo ni ya ule ukaguzi wa Alt na X. Kosa la alama likiwa letu, kopi tunarudia bila malipo.

Pale kaunta, juu ya mashine ya kopi, tumebandika karatasi yenye zile alama na namba zake kwa maandishi makubwa. Ipige picha hata kama hujaja kununua kitu. Yule mwalimu alikuwa wa kwanza kuipiga, na wiki iliyofuata alituletea mtihani mwingine, ila swali la saba aliliandika kwa maneno.