Mwanangu anaukimbia mchanga wa tiba: nimwambieje mtaalamu wake?

Assalaamu alaykum mshauri wetu,

Mwanangu ana miaka sita. Baba yake alikwenda Muscat kutafuta riziki mwaka jana, na tangu hapo mtoto kapunguza maneno, anajiuma mikono, na usiku huamka akilia. Daktari alitwambia tumpeleke kwa dada mmoja wa Chake Chake anayetibu watoto kwa michezo. Kila wiki tunapanda daladala kutoka Wete kwenda kwake. Ni binti mpole, ana subira, na mwanangu hamwogopi. Sina lawama naye hata moja, na ndiyo maana jambo hili linanitatiza kulisema.

Kinachonisumbua ni chumba na vitu vilivyomo. Kimeezekwa bati, feni inalia juu, na ukuta wa pili ni skuli. Katikati pana sanduku la mchanga uliotiwa maji kidogo ili ufinyangike, pembeni rangi za kupaka kwa vidole, na wanasesere wa familia nzima: baba, mama, bibi, watoto. Dada anatarajia mtoto awachukue wale wanasesere, awapange mchangani, aoneshe yaliyomo moyoni. Mwanangu akiingia tu anaziba masikio, anakwenda kujibana baina ya kabati na ukuta. Siku moja mchanga ulipomgusa kiganjani alitapika. Kila tukitoka naambiwa bado hajawa tayari, tuvute subira.

Dada mwenyewe alinieleza asili ya kazi yake: kwamba Virginia Axline wa Marekani, aliyeandika kitabu juu ya tiba hii mwaka 1947, alitaka mtoto ndiye aongoze na mkubwa afuate, wala asiharakishwe. Maneno hayo yaliniingia sana. Lakini mtoto ataongoza vipi ndani ya chumba ambacho kila alichowekewa kinamuumiza? Na kule kujibana ukutani si ndiko kuongoza kwenyewe? Mimi naona anatwambia kitu pale, ila hakihesabiwi kuwa ni mchezo.

Nyumbani ni mtoto mwengine kabisa. Huyuhuyu asiyetaka kushikwashikwa ndiye anayejipenyeza chini ya godoro na kumtaka dada yake amlalie juu. Ukimpapasa kichwa kwa mkono mwepesi anaruka, ukimkumbatia kwa nguvu anatulia. Mavyaa wangu anasema ni kudeka, na ameshamsomea, jambo ambalo sikulikataa. Ila kudeka si hivi. Nimesoma habari za Jean Ayres wa Marekani, mtaalamu wa tibakazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku, ambaye katika miaka ya 1970 alieleza kuwa pamoja na milango mitano ya fahamu tunayofundishwa skuli, ipo fahamu ya misuli na viungo inayomjulisha mtu mwili wake ulipo, na ipo ya mizani iliyomo ndani ya sikio. Mtoto mmoja anaweza kuzidiwa na mguso mwepesi, na papo hapo akawa na njaa ya kubanwa, kuvuta na kusukuma. Niliposoma hayo nilimwona mwanangu.

Msimu wa karafuu alikuwa akiburura polo kutoka mlangoni hadi kwenye majamvi, anarudi, anaburura tena, bila ya kuambiwa na mtu. Jioni moja tulipokwisha kuanua, akalala juu ya jamvi tupu akanionesha kwa mkono nimkunje ndani yake. Nikamkunja, kichwa kikabaki nje, nikambana. Alicheka. Halafu akatoa mkono, akaokota kifuu kilichokuwa karibu, akakipitisha hewani taratibu. “Ndege,” akasema. “Baba kapanda.” Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akimtaja baba yake.

Basi ule mchezo unaosubiriwa kule mjini umetokea uani kwetu, mwili wake ulipokwisha kutulia. Hilo ndilo ninalotaka dada alijue, na sijui pa kuanzia. Yeye kasoma, mimi niliishia kidato cha pili, na sitaki aone namfundisha kazi yake. Je, ni adabu kumwomba azime feni, na kabla ya wanasesere ampe mtoto kazi nzito kidogo, kama kubeba ndoo au kusukuma meza? Nje ya jengo pana mwembe. Bembea ya kamba, ya kwenda mbele na nyuma polepole, ingemfaa kuliko kiti. Tena tunapofika ameshachoshwa na honi na msongamano wa daladala, kwa hiyo hata dakika chache za kukaa kivulini kimya zingesaidia.

La kubanwa ndilo gumu zaidi. Najua katika kazi yao kumgusa mtoto kuna mipaka, na ni vyema iwepo. Niingie mimi chumbani na jamvi letu? Lakini nikiwemo, atayatoa ya baba yake mbele yangu, au atayameza kwa kunionea huruma? Watoto wanatuonea huruma kuliko tunavyodhani.

Na mchanga. Wapo wanaosema alazimishwe tu, atazoea. Hilo silikubali, kwa sababu nimeuona uso wake. Ila kuuondoa moja kwa moja pia naogopa, maana Pemba hii utaukimbilia wapi mchanga? Nimeanza kumpa mchele mkavu kwenye sinia na upawa, mkono wake usiguse mpaka atake mwenyewe. Je, niendelee hivyo nyumbani, au nasubiri dada aongoze ili tusimchanganye?

Nimeulizia mtaalamu wa tibakazi wa kumpima, nikaambiwa nijaribu Unguja. Tutakwenda inshallah nikipata nauli. Lakini miadi yetu ya Chake ni Jumatano, na ningependa nisikilize ushauri wako kabla ya hapo, hasa juu ya mimi kuingia chumbani.

Mama wa watoto wawili,
Wete, Pemba