Mtoto hasikilizwi koridoni

Mhariri,

Kwa miezi minne mwaka jana mwanangu aliumwa na tumbo kila asubuhi ya shule. Jumamosi, mzima. Kwenye zahanati moja hapa Kayole alipimwa homa ya matumbo, akapewa dawa za minyoo, tukarudi akapimwa amiba. Hakuna aliyeniuliza nyumbani kuna nini. Baba yake alikuwa ameaga dunia kwa ajali ya bodaboda, na mimi nilidhani mtoto wa gredi ya nne husahau upesi.

Shuleni alianza kurarua madaftari ya wenzake. Nikaitwa. Mwalimu wa ushauri nasaha, mama mwenye roho nzuri, alizungumza naye koridoni, lakini kengele ikalia akakimbilia kipindi cha hesabu. Mwanangu akarudishwa nyumbani siku tatu.

Aliyemsaidia ni mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia ya watoto tuliyeelekezwa kwake na muuguzi. Siku ya kwanza hakumgusia habari za babake hata kidogo. Alimwekea beseni la mchanga na vigari vya kuchezea. Mwanangu aliizika pikipiki, akaifukua, akaizika tena, karibu saa nzima. Wiki ya tatu ndipo aliposema neno. Nami nilifundishwa: nisimwambie "wewe ni mwanamume, nyamaza", tena jina la marehemu tulitaje tukila, bila kuogopa.

Ila kumfikia ilikuwa matatu mbili kwenda, mbili kurudi, siku ya kazi, nami nauza mboga. Mara mbili tulikosa miadi kwa ajili ya nauli.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni kama saba. Naiomba serikali iwapunguzie walimu wa ushauri nasaha vipindi, iwape chumba chenye mlango unaofungika, na kaunti ituletee mtaalamu wa watoto kwenye vituo vya afya vya mitaani, japo kila Jumamosi.

Na nambari 116, simu ya msaada kwa watoto ambayo mtoto hupiga bila malipo, iandikwe kwa rangi kwenye kuta za vyoo vya shule, mahali anapoweza kuisoma akiwa peke yake.

Mzazi,
Kayole, Nairobi