Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetufundisha malezi makaburini

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za kiti chako. Mimi ndiye yule aliyenyanyuka akaondoka Jumamosi, kwenye maziko ya kijana wa jirani yangu, wakati umeshika kipaza sauti. Ulisema vijana wanakula mairungi na kujiua kwa sababu wazazi tumeshindwa kulea. Mama wa marehemu alikuwa mkekani, hatua tatu kutoka viatu vyako.

Mimi nimeshindwa, nakubali. Naendesha lori, Malaba hadi Juba, na kijana wangu nimemlea kwa simu: nikishatuma ada, najiona baba. Shule zetu Uganda zilipofungwa kwa korona, Machi 2020 mpaka Januari 2022, alishinda kwenye steji ya boda, na nadhani ndiko alikoanzia. Siku niliyokuta pakiti ya Kuber, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, ndani ya soksi yake ya shule sikumuuliza neno. Nilivua mkanda. Tangu hapo nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Pengine ningemuuliza asingefika alikofika, sijui. Barabarani usiku nalipigia hesabu hilo mpaka kunakucha.

Mwaka jana alijaribu kujitoa uhai. Tulimuwahi. Alipozinduka, wa kwanza kuketi kando ya kitanda hakuwa daktari. Alikuwa askari mwenye daftari, maana kwa sheria zetu kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Midomo imemkauka, anaulizwa, "Ulikusudia nini?" Nikauza mbuzi wawili ili hilo daftari lifungwe. Na hayo ni malezi ya nani, Mheshimiwa?

Tukaambiwa tumpeleke Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala. Tulikwenda mara mbili. Ya tatu nauli ilikosekana, kwa sababu kila nikienda Kampala safari moja ya Juba inachukuliwa na dereva mwingine.

Sasa nikukumbushe. Mwaka juzi, kwenye uwanja wa shule, ulituahidi mshauri wa vijana hapa hapa kwenye kituo chetu cha afya. "Kabla ya mvua," ulisema. Hukusema mvua ipi. Chumba kilipakwa rangi, kikapigwa kufuli, na ndani mnaweka viti vya plastiki. Ndivyo hivyo tulivyokalia Jumamosi tukikusikiliza.

Sikuombi semina. Wala msako: waragi, ile pombe kali ya vifuko, ulipigwa marufuku 2019, na nikitaka leo najua dirisha la kubisha. Naomba mshauri. Mmoja tu. Nitakuja kukaa mbele yake na mwanangu, mimi mwenyewe, maana mkanda nimeuacha na maneno ya kuanzia sina.

Naondoka Alhamisi, narudi baada ya siku kumi na mbili. Kijana yuko nyumbani na mama yake. Tafadhali, Mheshimiwa, fungueni kile chumba.

Ni mimi,
Dereva, baba wa watoto wanne