Programu ya kutunza diski inakula RAM yetu

Mhariri,

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Tandahimba. Msimu ukifunguliwa Oktoba mizani haipumziki, na kila kilo inayopimwa naiingiza kwenye kompyuta yetu moja yenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya GB 4. Msimu uliopita tulinunua diski ya nje ya kuhifadhia nakala za hesabu. Muuzaji akatufungia na programu ya kuisimamia. Inaonyesha nafasi iliyobaki, inasaka mafaili yaliyojirudia, na hujiwasha yenyewe kila tukiwasha kompyuta.

Asubuhi kazi inakwenda. Ikifika saa nane mchana jedwali linaganda, naandika jina la mkulima na herufi zinatokea moja moja, huku foleni imefika mlangoni. Bibi mmoja aliyeleta magunia yake tangu alfajiri aliniuliza, "Mjukuu wangu, mbona zangu hazijaingia?" Iliniuma. Nililaumu umeme, nikalaumu virusi, hadi siku nilipobonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja nikaona kila programu inakula RAM kiasi gani. Programu ile ya diski, iliyoanza asubuhi na MB 180, ilikuwa imefika GB 1.6, karibu mara tisa. Na hakuna aliyeigusa kutwa nzima!

Wengi huchanganya vitu hivi viwili. Diski ni ghala, mzigo unakaa humo hata umeme ukikatika. RAM ni pale penye mizani, kazi inapofanyika. Mlinzi wa ghala akirundika madaftari yake juu ya mizani, mkulima apime wapi? Tena RAM ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski yake ya ndani, ambayo ni ya polepole zaidi, na hapo ndipo kila kitu hukwama. Mfumo unaoendesha kompyuta yetu, Windows 11, peke yake unadai angalau GB 4 za RAM, kwa hiyo kwetu hakuna akiba ya kugawa.

Nimeizuia isijiwashe. Naifungua Ijumaa jioni, ikimaliza naifunga, na jedwali halijaganda tena. Lakini wauzaji watuulize kabla ya kutufungia programu, na watengenezaji waandike inatumia RAM kiasi gani baada ya kushinda imewashwa, si dakika ya kwanza tu. Boksi la diski yetu ninalo hapa mezani. Ukubwa wa diski umeandikwa kwa herufi kubwa, kuhusu RAM hakuna hata neno.

Karani wa chama cha msingi,
Tandahimba, Mtwara